Semina, yaani Kitalu

Dakta Muzna aliandika neno moja ubaoni,
akalipigia mstari mpaka kalamu ikalia:
semina.
Akasema, Waingereza walilitwaa kwa Wajerumani,
Wajerumani wakalichota kwenye Kilatini,
na Kilatini hakikuwa kikisema viti, wala projekta, wala hoja.
Kilisema kitalu. Pahala pa mbegu.
Tuta lililotiwa samadi, likawekewa kivuli,
miche ikangoja humo siku ya kung'olewa.

Tulikuwa kumi na mmoja, Birkat al-Mauz,
kiyoyozi kikitupuliza migongoni,
nje ya dirisha jabali limeiva kwa jua.
Nikacheka peke yangu.
Nilimkumbuka binamu yangu Haroub wa Wete,
ambaye kwake semina ni chupa ya maji,
sambusa mbili, begi la kitambaa na bahasha ya posho
(ukisaini mara mbili, mara mbili unapata).
Nikakumbuka na kitivo,
ambacho kabla ya kuwa na mkuu na mhuri
kilikuwa udongo tu, udongo wenye rutuba.
Nani basi alitwambia elimu ni jengo?
Lugha mbili zisizojuana
zimeinama shamba moja, zina tope kwenye kucha.

Jioni nikampelekea habari shangazi Ghaniya.
Alikuwa kwenye mitende, mtaimbo mkononi,
akimtenga chipukizi na mama yake.
Kiswahili chake cha Ng'ambo hakijashika kutu,
miaka hamsini na kitu ya kuishi na mawe.

"Kitalu cha mbegu?" akasema. "Cha nini?
Mtende haupandwi kwa kokwa, mwanangu.
Kokwa ni kamari. Utaumwagilia miaka saba
utoke dume, au uzae tende zenye ladha ya kuni.
Sisi tunakata chipukizi. Khalasi huzaa khalasi,
khunaizi huzaa khunaizi,
binti ni mama yule yule aliyehamishwa shimo."
Akafuta jasho kwa pindo la mtandio.
"Na nyinyi huko, mnapandwa vipi?"

Sikujibu.
Mkobani nilikuwa na kurasa ishirini na mbili
za wasilisho langu la Jumanne,
na kila aya ilikuwa chipukizi:
neno la Dakta, shimo langu.
Hata mikato niliihamisha.

Mwisho wa shamba, ukutani, upo mtende usio na jina.
Hakuna aliyeupanda. Mtu alitema kokwa akipita,
labda mvunaji, labda mtoto aliyetoroka madrasa,
nayo ikashika.
Tende zake fupi, nyeusi upande mmoja tu,
huanza kwa uchachu na kumalizia kwa kitu
ambacho sina neno lake,
si kwa Kiarabu, si kwa lugha ya mama.
Shangazi huziita tende za mbuzi.
Nikala tatu.
Nikala ya nne.

Zamu yetu ya maji ilikuwa saa tisa usiku.
Tulitoka na tochi ya simu, mimi nimevaa ndara kushoto kulia.
Falaji ikaja na majani makavu na karatasi ya pipi.
Shangazi akawafungulia khalasi, akaziba
kwa tambara na jiwe,
akawafungulia khunaizi, akaziba.
Akatazama nyota, kisha saa ya simu yangu,
kwa kuwa nyota haziaminiki tena, anasema, tangu zije taa za barabarani.
Zilibaki dakika sita. Maji ya jirani.
Hapana: bado yetu.

Hapo, bila kunitazama,
akachimba kwa kisigino kijifereji chembamba
kuelekea ukutani.

"Mbuzi nao wale," akasema.